MALI NA MATUNZO: Mikwaruzo Inayoizunguka Taa

Jioni moja ya Jumamosi, sajini mmoja wa jeshi alirejea kambini baada ya kutumikia mwaka mzima nchini Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kupelekwa mwaka 2007. Mbele ya nyumba yake alilikuta gari lake dogo la rangi ya buluu iliyoiva, alilolinunua kwa akiba ya miaka mingi likiwa limekwisha tumika huko Japani. Gari lilikuwa safi kabisa. Mama watoto alimweleza kwa fahari kwamba kijana wao mkubwa aliliosha kila Jumamosi, wala hakukosa hata juma moja.

Lakini taa ya nguzo ilipowashwa, sajini aliinama kuitazama boneti, naye akanyamaza. Kuizunguka nuru ya taa palikuwa na mistari myembamba isiyo na idadi, iliyopangika duara juu ya duara mithili ya utando wa buibui. Aliusogelea mlango, akaiona huko pia. Hakuna sehemu ya gari iliyosalimika.

Jambo hilo halikuwa dogo. Wazazi walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba gari liuzwe, na fedha zake zimlipie kijana huyo karo ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari. Mnunuzi alikuja asubuhi ya pili, akaitazama rangi penye jua, kisha akapunguza bei aliyokuwa ameitaja hapo awali. Alipoondoka, hasira ya baba ilimgeukia mtoto.

"Baba watoto," mama akamwambia kwa upole, "kijana alifanya kama alivyofundishwa. Aliyemfundisha ni wewe mwenyewe, kabla hujasafiri. Na sponji ile ya kusugulia sufuria ulimpa wewe."

Sajini hakuwa na la kujibu. Ndipo alipomwendea koplo mmoja, fundi wa magari wa kikosi, kuomba shauri. Mengi ya yafuatayo ndiyo koplo aliyoyaeleza, na yafaa kila mwenye gari ayajue, kwani kosa la sajini ni kosa la watu wengi.

Mistari hiyo ni nini?

Watu wengi hudhani kwamba mistari hiyo ni ya duara kwa sababu gari liliosha kwa mkono uliozungushwa. Sivyo hasa. Mikwaruzo hiyo imelala kila upande, mingine kwa urefu, mingine kwa upana, mingine kwa mshazari. Hata hivyo jicho halioni yote kwa mara moja. Mkwaruzo hung'aa machoni pale tu unapokuwa umeikingama njia ya nuru itokayo kwenye taa. Kwa kuwa mikwaruzo iko kila upande, daima ipo iliyokingama kuizunguka taa, nayo ndiyo ionekanayo kama duara. Mtu akisogea hatua mbili, duara nalo husogea pamoja naye. Hiyo ndiyo dalili kwamba mikwaruzo imeenea gari zima, wala si mahali pamoja.

Mikwaruzo hii haionekani siku ya mawingu. Huonekana penye jua kali au chini ya taa moja yenye nguvu, na huonekana zaidi katika rangi nyeusi, buluu na nyekundu iliyoiva kuliko katika rangi nyeupe. Kwa hiyo mwenye gari jeupe asijisifu mapema. Huenda na lake limekwaruzwa vivyo hivyo, ila halisemi.

Unene wa ngozi ya gari

Kabla ya kushika kitambaa, yapasa kujua ni kitu gani kinachosuguliwa. Gari la siku hizi halikupakwa rangi tupu. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote kuna vanishi isiyo na rangi, ambayo mafundi huiita klia. Vanishi ya namna hii ilianza kuenea katika magari tangu miaka ya 1980. Ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoikinga rangi na jua na mvua.

Tabaka hizo zote pamoja, kama zilivyotoka kiwandani, kwa kawaida hazizidi sana maikroni 100 hadi 150, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vanishi peke yake ni kama maikroni 40 au 50. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Maana yake ni kwamba kinga yote ya rangi ya gari ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Kung'arisha rangi si kujaza mikwaruzo. Ni kuuondoa uso wa vanishi uliouzunguka mkwaruzo mpaka ulingane na kina chake. Ni sawa na mkulima aliye na mfereji katikati ya uwanja wake: akitaka uwanja uwe sawa bila kuleta udongo mwingine, hana budi kuuchimba uwanja wote mpaka ufikie chini ya mfereji. Mfereji ukiwa wa kina kifupi, udongo unaopotea ni mdogo. Ukiwa wa kina kirefu, uwanja wote huharibika kwa ajili yake. Vanishi iliyokwisha ondolewa hairudi. Kwa hiyo shabaha ya mwenye busara si kuumaliza kila mkwaruzo, bali ni kuondoa kiasi kidogo kinachotosha kuufanya uso upendeze.

Chanzo chake

Adui si maji wala sabuni. Adui ni vumbi. Vumbi jekundu la barabara zetu lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo, sembuse vanishi. Kitambaa kikavu kinachopitishwa juu ya gari lenye vumbi huwa kama msasa. Kijana wa sajini alianza kila Jumamosi kwa kulipangusa gari kwa kitambaa kikavu. Kisha aliliosha kwa ndoo moja tu, hata mchanga uliotoka kwenye magurudumu ukarudi kwenye boneti kwa sponji ile ile. Alitumia sabuni ya unga ya kufulia, ambayo chembe zake zisipoyeyuka vema hukwaruza, nayo huiondoa nta yote iliyokuwa inakinga rangi. Mwisho alilikausha kwa fulana kuukuu yenye mshono mgumu. Moyo wake ulikuwa mwema, lakini kila Jumamosi aliongeza mistari mipya.

Njia mbili za kuepukwa

Majirani hawakukosa ushauri. Mmoja alisema gari lipakwe mafuta ya kung'arisha yanayojaza mikwaruzo, nalo liuzwe upesi. Ni kweli kwamba dawa nyingine za madukani zina mafuta na vijazo vinavyoificha mistari kwa majuma kadhaa. Baada ya kuoshwa mara chache, mistari hurudi kama ilivyokuwa. Sajini alikataa. Alisema mtu aliyelinda raia wa nchi nyingine hawezi kurudi nyumbani akamdanganya raia wa nchi yake.

Mwingine alisema gari lipelekwe kwa vijana wa kando ya barabara wenye mashine ya kuzunguka. Mashine hiyo si mbaya, lakini huzunguka mara zaidi ya elfu moja kwa dakika katika duara moja, na mikononi mwa asiyeizoea huzalisha joto kali mahali pamoja. Ikikaa kwenye ukingo wa boneti kwa muda mfupi tu, vanishi huungua na rangi hutokea. Hata isipounguza, mara nyingi huacha vivuli virefu vinavyocheza penye jua. Ipo mashine ya aina nyingine, ambayo pedi yake huzunguka na kuyumba kwa pamoja; hiyo haina hatari kubwa kama hiyo, nayo ndiyo imfaayo anayejifunza. Mashine moja ya namna hiyo ilikuwamo katika gereji ya kikosi, lakini koplo hakuigusa. Mali ya umma haifanyi kazi za nyumbani. Wakakubaliana kuifanya kazi kwa mikono, ingawa kazi ya mikono ni ya polepole, nayo huondoa mistari hafifu tu.

Hatua za kazi

Kwanza, gari huoshwa vema kivulini, bati likiwa limepoa. Maji mengi humwagwa kuanzia juu ili kuliondoa vumbi kabla ya kitu chochote kuligusa gari. Ndoo ziwe mbili: moja ya maji yenye sabuni ya maji ya kuoshea magari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa. Kila baada ya kuosha sehemu moja, kitambaa husuuzwa katika ndoo ya maji matupu ndipo kirudi kwenye sabuni. Huoshwa paa kwanza, kisha vioo, boneti na milango, na mwisho sehemu za chini. Magurudumu yawe na kitambaa chake peke yake.

Pili, uso wa gari hupapaswa kwa vidole vilivyo safi. Ukiwa na vijipele, kuna uchafu ulioganda ambao maji hayakuutoa. Uchafu huo huondolewa kwa udongo-bandia uliotengenezwa kwa kazi hiyo, ukitelezeshwa taratibu juu ya uso uliolowa maji ya sabuni. Donge la udongo huo likianguka chini, litupwe. Thamani yake haifiki thamani ya mlango mmoja.

Tatu, mikwaruzo hupimwa kwa ukucha. Ukucha ukipita juu ya mkwaruzo bila kunasa, upo uwezekano wa kuuondoa au kuupunguza. Ukinasa, mkwaruzo huo ni wa kina mno kwa polishi. Asiukazanie mtu, kwani atamaliza vanishi yote iliyouzunguka. Katika mlango wa kushoto wa gari la sajini palikuwa na mkwaruzo mmoja wa namna hiyo, uliofanywa na baiskeli. Waliuacha.

Nne, kingo za bati, mipira ya vioo na plastiki nyeusi hufunikwa kwa tepu ya karatasi. Kwenye kingo vanishi ni nyembamba kuliko penginepo, na polishi ikikauka juu ya plastiki nyeusi huacha madoa meupe yasiyotoka kwa urahisi.

Tano, hufanywa jaribio mahali padogo, kama sentimita 40 kwa 40. Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayoliokoa gari. Huanzwa kwa polishi iliyo laini kuliko zote na pedi laini ya sponji. Matone matatu au manne yanatosha. Pedi husuguliwa kwa mistari iliyonyooka, kila mstari ukifunika nusu ya uliotangulia, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, mpaka polishi ibaki kama utando mwepesi. Hufutwa kwa kitambaa safi cha mikrofaiba kabla haijakauka. Mistari isipopungua, jaribio hurudiwa. Ikikataa bado, ndipo hujaribiwa polishi yenye ukali kidogo zaidi. Anayeanza na kali hana pa kurudi.

Sita, matokeo hayaaminiwi mpaka mafuta ya polishi yametolewa. Alkoholi ya isopropili, inayouzwa katika maduka ya dawa, huchanganywa na maji, sehemu moja kwa sehemu nne, na mahali palipojaribiwa hufutwa kwa mchanganyiko huo. Kazi hiyo ifanyiwe mbali na moto. Kisha tochi humulikwa. Mistari ikirudi, ilikuwa imefichwa tu. Isiporudi, imeondoka kweli.

Saba, kazi huendelea kwa mafungu madogo madogo, na pedi hubadilishwa au kusafishwa mara kwa mara. Kwa mtumiaji wa mashine, bati hupimwa kwa nyuma ya mkono: likiwa la uvuguvugu si neno, likiwa la moto asimame. Zaidi ya hayo, kitambaa kitazamwe kila mara. Katika gari la zamani lisilo na vanishi, rangi kidogo hutoka kwenye kitambaa na si ajabu. Katika gari lenye vanishi, rangi ikionekana kwenye kitambaa maana yake kinga imekwisha mahali hapo. Hapo hakuna polishi wala dua. Ni kwenda kupaka upya.

Nane, uso uliokwisha ng'arishwa hupakwa nta. Nta mashuhuri kwa kazi hii ni karnauba, itokayo kwenye majani ya mnazi-mwitu wa kaskazini-mashariki ya Brazili. Hupakwa nyembamba, huachwa ikauke kidogo, kisha hufutwa. Nta haiondoi mikwaruzo. Kazi yake ni kuukinga uso na kuufanya maji yateleze.

Mambo ya kukatazwa

Zipo desturi zinazopaswa kuachwa. Dizeli inayopanguswa juu ya rangi hung'aa kwa saa chache, kisha hunasa vumbi lote la njiani. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia ambazo hazikupimwa kwa ajili ya rangi ya gari. Mafuta ya breki yakidondoka juu ya rangi huiharibu, hivyo yasuuzwe kwa maji mengi mara moja. Sponji ya sufuria na nyuzi za chuma zibaki jikoni. Na kitambaa kilichoanguka chini kisirudi kwenye gari mpaka kimefuliwa, hata kama kilianguka kwa nukta moja tu.

Jioni nne za kazi

Sajini, mwanawe na koplo walifanya kazi hiyo kwa jioni nne. Siku ya kwanza walimaliza robo ya boneti tu, na mikono ikawauma. Kijana aliweka mkono mmoja kwenye sehemu iliyokwisha na mwingine kwenye isiyoguswa, akamulika tochi. Upande mmoja nuru ilisimama peke yake kama mwezi katika maji yaliyotulia. Upande wa pili ilikuwa bado imenaswa katika utando.

"Baba," kijana akasema, "kumbe mimi ndiye niliyeiharibu."

"Tuliiharibu wote wawili," baba akamjibu. "Wewe kwa mkono, mimi kwa mafundisho. Shika pedi."

Siku ya nne koplo aliwaonya wasiendelee. Bado palikuwa na mistari michache hafifu, na kijana alitaka kuimaliza. "Afande," koplo alimwambia sajini, "iliyobaki tuiache. Mwenye gari ajaye naye atahitaji vanishi."

Mnunuzi aliporudi, sajini hakungoja aulizwe. Alimwonyesha kwanza mkwaruzo wa baiskeli mlangoni, kisha akamweleza yote yaliyofanywa, akampa na tochi ajitazamie mwenyewe. Mnunuzi alizunguka gari mara mbili. Hakuirudia bei yake ya kwanza kwa ukamilifu, lakini alirudisha sehemu kubwa ya fedha alizokuwa amezipunguza, akisema kwamba muuzaji anayeonyesha kovu asiloulizwa hana mengi ya kuficha. Karo ikatimia.

Asubuhi ya kulikabidhi gari, kijana aliamka mapema akateka maji. Aliweka ndoo mbili kivulini, akalimwagia gari maji kuanzia paani, akaliosha polepole kwa mistari iliyonyooka, kisha akalikausha kwa kulifunika taulo laini na kuligandamiza, bila kusugua. Baba yake alisimama mlangoni akimtazama, naye hakumsahihisha hata mara moja.

Juma lijalo: matunzo ya betri ya gari wakati mwenyewe yuko safarini.